Muuguzi wa wanyama naye ni mlinzi wa afya yetu

Jirani yangu mmoja pale mtaani Umoja alinijia jioni moja akiwa amekunja uso kama mtu aliyefiwa. Bintiye, ambaye alikuwa amepita vizuri mtihani wa Kidato cha Nne, alikuwa amekataa katakata kusomea uuguzi wa hospitali, kazi ambayo mzee alimchagulia tangu angali katika shule ya msingi. Msichana alikuwa amesema kwamba anataka kusomea uuguzi wa wanyama, na wala si cheti tu bali shahada kamili ya chuo kikuu.

"Sasa wewe niambie, ndugu yangu," mzee akaniuliza. "Mimi nimeuza mitumba Gikomba miaka ishirini nikimlipia karo, halafu aende kuosha mbwa wa matajiri?"

Sikucheka, kwa sababu maneno kama hayo nimeyasikia mara nyingi. Katika mitaa yetu ya Eastlands, mzazi akisikia mtoto anataka kuwa daktari wa watu hufanya karamu. Akisikia kwamba mtoto anataka kutibu wanyama, huona aibu kuwaambia wenzake kanisani au kwenye chama. Maoni yangu ni kwamba aibu hiyo inatugharimu afya yetu, na wakati mwingine maisha ya watoto wetu.

Nilimuuliza yule msichana sababu zake. Alinikumbusha kisa kilichotokea kule Kayole alipokuwa darasa la saba. Mvulana aliyesoma naye aliumwa mguuni na mbwa koko akitoka shuleni. Nyumbani kidonda kilipakwa pilipili na kufungwa kwa kitambaa. Vijana wa mtaa walimpiga yule mbwa kwa mawe hadi akafa, wakamchoma jalalani, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua kama alikuwa na kichaa au la. Mvulana alipelekwa kwenye zahanati siku ya pili, akadungwa sindano mbili, kisha pesa zikaisha na wazazi wakaacha. Mungu alimnusuru. Lakini msichana huyu hakusahau kwamba katika mtaa mzima hakukuwa na mtu hata mmoja aliyejua la kufanya.

Mpenzi msomaji, je, wewe unajua la kufanya? Kidonda cha kuumwa na mbwa huoshwa mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Kisha mtu hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja kesho. Sindano za chanjo hutolewa kwa siku zilizopangwa, na hazifai kukatizwa kwa sababu eti kidonda kimekauka. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaonekana kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Aidha, mbwa aliyeuma asiuawe ovyo na kuchomwa. Wataalamu wa mifugo huhitaji kumchunguza akiwa hai, na akifa, ubongo wake ndio hupimwa katika maabara.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Ulithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyetoka viungani mwa Nairobi hii hii. Zaidi ya karne moja baadaye bado unakadiriwa kuua Wakenya wapatao 2,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa watoto. Serikali ilitoa mpango wa kuumaliza kati ya mwaka 2014 na 2030, na nguzo yake kuu ni kuwachanja mbwa. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa mwaka baada ya mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Sasa hesabu mwenyewe mbwa waliomo kati ya Mathare na Njiru, kisha uulize ni mikono ya nani itakayowashika, kuwachanja, kuwaandikisha na kuwafuata mwaka unaofuata. Daktari mmoja wa mifugo hawezi. Anahitaji wasaidizi waliofunzwa, na hao ndio ninaowazungumzia.

Wengi hudhani kwamba muuguzi wa wanyama ni mtu wa kuosha mbwa na kuwabembeleza paka. Katika nchi ambako kazi hii ina shahada yake, mwanafunzi husoma maumbile ya mwili na jinsi viungo vinavyofanya kazi, vijidudu na minyoo, dawa na vipimo vyake, na maadili ya kazi. Mnyama anapopasuliwa, muuguzi ndiye hukaa kichwani pake akichunga pumzi na mpigo wa moyo ili usingizi wa dawa usigeuke kuwa usingizi wa milele. Yeye ndiye huchemsha na kusafisha vyombo. Yeye ndiye huhakikisha chanjo zinakaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa maana chanjo iliyopata joto ni sawa na maji. Na yeye ndiye humweleza mwenye mnyama, kwa lugha anayoielewa, jinsi ya kutumia dawa akifika nyumbani.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nisisitize kwamba kazi hii ni ya afya ya watu. Eastlands imejaa mifugo. Kuna kuku kwenye mabanda ya ghorofani, mbuzi wanaokula takataka kando ya barabara, na nguruwe wanaojitafutia kwenye jaa la Dandora. Kule Kiamaiko mbuzi wanachinjwa usiku na mchana, na nyama yao huliwa jiji zima. Kwa kuwa mifugo iko karibu na vitanda vyetu, magonjwa yao nayo yako karibu. Watafiti walioshirikiana na taasisi ya ILRI walizunguka katika mitaa ya Nairobi katika miaka ya 2010, wakachukua vipimo vya watu, mifugo na wanyama wa porini katika boma 99, kwa sababu walitambua kwamba vijidudu havijui mpaka kati ya banda na chumba cha kulala.

Chukua mfano wa mama anayefuga kuku mia moja Dandora. Kuku wakianza kukohoa, hukimbilia duka la dawa za mifugo, akaeleza dalili kwa kijana aliye nyuma ya kaunta, akauziwa dawa ya kuua bakteria. Huitia kwenye maji kwa kukisia. Hakuna anayemwambia kwamba mayai ya siku hizo hayafai kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite. Mayai huenda sokoni kesho yake, na mtoto wako huyala pamoja na mabaki ya dawa. Isitoshe, bakteria wanaozoea dawa hizo kwenye kuku huweza kumpata binadamu, na siku mtoto akiugua, dawa hiyo haimsaidii tena. Ni hivyo hivyo kwa ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele, ambaye maziwa yake huuzwa asubuhi ile ile.

Si kwamba mama huyu ni mbaya. Amekosa mtu wa kumuuliza. Zamani serikali ilikuwa ikiwaajiri moja kwa moja madaktari wa mifugo waliomaliza Kabete, na wasaidizi wao walikuwa wakizunguka vijijini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ajira hiyo ya moja kwa moja ilisitishwa, na huduma nyingi zikaachiwa soko huria. Tangu hapo mwenye pesa humwita daktari, na asiye na pesa hujitibia mwenyewe.

Yafaa pia tukumbuke yaliyotokea mwishoni mwa mwaka 2006 na mwanzoni mwa 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Kaskazini Mashariki na kuua Wakenya zaidi ya 150. Nairobi nzima iliogopa nyama. Ugonjwa huo huanza kwa mifugo kutupa mimba, na dalili hiyo huonwa kwanza na yule anayeshika mifugo kila siku. Akiwa amesoma, atapiga ripoti mapema. Asiposoma, atachinja na kuuza.

Ndiyo maana waandishi wa Katiba ya mwaka 2010 hawakukosea walipoweka huduma za mifugo chini ya huduma za afya za kaunti, kwenye orodha moja na hospitali, zahanati na magari ya wagonjwa. Kwa hiyo kaunti inapotenga pesa za afya na kusahau mifugo, imesahau sehemu ya wajibu wake. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria mwaka 2015 ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini. Ikiwa ufugaji unakubalika kisheria, basi hao wafugaji wanahitaji wauguzi wa mifugo katika kila wadi.

Sasa nirudi kwenye swali la shahada. Hapa nchini mlango wa kawaida ni vyuo vya afya ya mifugo, yaani AHITI, vilivyoko Kabete, Nyahururu na Ndomba, ambavyo hutoa cheti na diploma. Anayetaka shahada ya udaktari wa mifugo huenda Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, akasoma miaka mitano. Sheria ya mwaka 2011 inawatambua madaktari wa mifugo na wataalamu wasaidizi, na wote lazima wasajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Jina la muuguzi wa wanyama, kama anavyolitaka binti wa jirani yangu, halijapata kiti chake katika mpango huo.

Hata Uingereza hawakuanza na shahada. Mafunzo rasmi yalianza mwaka 1961, na kwa miaka mingi waliohitimu hawakuruhusiwa hata kujiita wauguzi, kwa kuwa jina hilo lilikuwa mali ya wauguzi wa hospitali kwa mujibu wa sheria. Walilipata mwaka 1984. Shahada ilifuata baadaye. Kwa hivyo nasi tusikate tamaa. Wauguzi wetu wa hospitali nao walianzia kwenye vyeti, na leo vyuo vikuu vyetu vinatoa shahada ya uuguzi.

Kuna wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Madaktari wa mifugo wengine wanahofia kwamba mwenye shahada ya uuguzi atajifanya daktari, afungue kliniki na kuharibu wanyama. Dawa ya hofu hiyo ni sheria inayosema wazi ni kazi zipi muuguzi anaweza kufanya peke yake, zipi afanye chini ya daktari, na zipi asiguse. Wengine wanasema hakuna kazi, kwa nini tuwasomeshe vijana ili wakae bure? Hapa nakubaliana nao nusu. Shahada isiyo na nafasi ya kazi wala kibali cha bodi ni karatasi ya kupamba ukuta. Chuo kitakachoianzisha kabla ya kuelewana na bodi kitakuwa kimewaibia wazazi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kwanza, bodi na vyuo vikuu vikae pamoja, vitengeneze shahada ya uuguzi wa wanyama inayotambuliwa siku ya kwanza. Pili, kuwe na ngazi: mwenye cheti apande hadi diploma, mwenye diploma apande hadi shahada bila kurudishwa mwanzo, maana watoto wengi wa Eastlands hawana uwezo wa kulipa miaka minne mfululizo. Tatu, kaunti iwaajiri hawa katika zahanati zake, wakae chumba kimoja na wauguzi wa watu, ili mtoto akiletwa ameumwa, mmoja aoshe kidonda na mwenzake aende kumtafuta mbwa.

Nawe mzazi, kabla ya kulipa karo, nenda kwenye bodi uulize kama chuo hicho na kozi hiyo vinatambuliwa. Usidanganywe na tangazo lililobandikwa kwenye mlingoti wa stima. Muulize mtoto kama amewahi kuona damu na kinyesi na bado akataka kurudi kesho, kwa sababu kazi hii haina manukato. Akiwa bado anataka, usimzuie.

Jirani yangu alinisikiliza, akanyamaza kwa muda mrefu. Mwishowe wakaelewana na bintiye: ataanza na diploma ya afya ya mifugo, na shahada itafuata njia ikifunguka. Mzee bado hawaambii wenzake Gikomba. Lakini Jumamosi iliyopita nilimwona akimpeleka mbwa wao kuchanjwa, kamba mkononi, binti akimwonyesha jinsi ya kumshika asiume.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu uko kati ya banda na nyumba, na wapo vijana wanaotaka kuuziba. Tusiwafanyie mzaha.