Tuwekeeni Milango

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume ya Usawa na Haki za Binadamu, Uingereza

Waheshimiwa,

Mniwie radhi kwa kuwaandikia Kiswahili. Kiingereza nakitumia kazini kutwa, lakini jambo hili la vyumba vya kujaribia nguo limenikaa rohoni kwa lugha ya nyumbani, na wafasiri mnao. Isitoshe, sensa ya 2021 ilipouliza watu wa England na Wales kuhusu jinsia, 262,000 walijibu kwamba wanavyojitambua sivyo walivyoandikishwa walipozaliwa. Baadaye Ofisi ya Takwimu ikakiri kwamba huenda baadhi ya wasiokijua vizuri Kiingereza hawakulielewa swali. Basi afadhali niseme langu kwa lugha nisiyoikosea.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Huu ni mwaka wa sita nasimama mlangoni pa vyumba vya kujaribia nguo katika duka moja la hapa Uingereza. Nimesema mlangoni, lakini mlango hakuna. Kuna uwazi, kuna mimi, na kuna vibao vya plastiki vyenye namba: ukija na nguo nne nakupa kibao cha nne, ukitoka nahesabu. Nyuma yangu kuna vyumba vinane vya mapazia, vya wanaume na wanawake pamoja. Pazia la chumba cha tatu limekatika pete mbili tangu Ramadhani, ukilivuta kushoto linaachia kulia. Mbao zinazotenganisha vyumba zinaishia usawa wa goti.

Chini ya ubao huo ndipo ilipopita simu. Ilikuwa Jumamosi, duka limefurika. Mama mmoja alikuwa ndani akimfungia binti yake zipu ya gauni la harusi, na binti akaiona kamera karibu na kisigino chake. Yowe lile nalisikia mpaka leo. Upande wa pili alikuwamo kijana aliyeingia na suruali mbili mkononi, mteja kama wateja wengine. Hakujidai kuwa mwanamke wala hakuhitaji kujidai. Alitoka mbio, kibao akakiacha sakafuni. Kumchungulia mtu namna hiyo ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2003, na kifungo chake hufika miaka 2. Sheria ilikuwepo. Ubao ndio uliokuwa mfupi.

Mtaniambia: vingekuwa vyumba vya wanawake watupu, asingepita. Kweli, na ndiyo maana siwacheki wanawake wanaoogopa. Mama yule alikuwa na hijabu; kwake pazia linaloachia si kero ndogo. Anayemwita mjinga au mwenye chuki hajawahi kuvua nguo mahali ambapo mguu wa mtu asiyemjua unaonekana.

Ila mkishatenga, nani atalinda? Ni mimi. Nilifanya kazi kwanza katika tawi ambalo vyumba vya wanawake vilikuwa peke yao, na siku moja akaja mama mrefu, mabega mapana, nywele ndiyo kwanza zinaota baada ya matibabu ya saratani. Hilo la saratani nililijua baadaye. Mteja aliyekuwa nyuma yake akaniambia kwa sauti, mtoe huyo mwanamume. Nikamtazama, Mungu anisamehe, kifuani. Akaona jicho langu lilipotua. Aliziweka blauzi zake juu ya meza, akazikunja vizuri kabisa, akaondoka.

Yupo na mteja mwingine, aliyebadili jinsia, ambaye huja Jumanne asubuhi duka likiwa tupu. Hununua saizi mbili za nguo moja, akajaribu kwake, akarudisha isiyomtosha. Aliniambia foleni ya kurudisha ni nafuu kuliko macho ya watu. Nikimsimulia mume wangu nasema tu “alirudisha sketi”, na Kiswahili hakinidai zaidi ya hapo. Kazini, ripoti ya Kiingereza hunitaka nichague neno kwanza ndipo niseme kilichotokea.

Tarehe 16 Aprili 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba “mwanamke” katika Sheria ya Usawa ya 2010 ni mwanamke wa kuzaliwa. Majaji hao hao wakasema waliobadili jinsia bado wanalindwa dhidi ya ubaguzi. Siku tisa baadaye mkatoa maelezo ya muda. Watu wakagombana juu ya nani atolewe wapi, na sentensi moja ikapita kimyakimya: chumba chenye kufungwa kwa ufunguo, cha mtu mmoja kwa wakati mmoja, kinaweza kutumiwa na mwanamume au mwanamke. Kwangu mimi, maelezo yote yalikuwa ndani ya sentensi hiyo.

Wamarekani walifika hapo kwa njia ndefu. Mwaka 2016 kampuni ya maduka ya Target ilitangaza kwamba kila mtu anaweza kutumia choo na chumba cha kujaribia nguo kinacholingana na anavyojitambua. Zaidi ya watu milioni moja wakatia saini kuisusia. Kabla mwaka haujaisha, kampuni ilitenga dola milioni 20 kujenga vyoo vya mtu mmoja mmoja. Kelele zote zile, mwisho wakamwita fundi.

Nilipomsimulia mama mkwe haya ya mapazia kwa simu, yeye mwenye kununua mitumba katika soko la Kongowea, Mombasa, na kujaribu gauni huku mashoga zake wawili wamemshikia leso, aliniuliza: “Kwani huko hawana milango?”

Ninachoomba ni kwamba mwongozo wenu utaje maduka ya nguo waziwazi. Ukuta ufike sakafuni, mlango uwe na komeo, na kengele iwe ndani. Duka lisiloweza kujenga vinane lijenge hata kimoja, kisha mapazia yabaki ya wanawake peke yao na ya wanaume peke yao. Na mwandike kwamba mhudumu hana ruhusa ya kumdai mteja uthibitisho wa mwili wake. Mameneja wetu hawatoi senti mpaka waone maandishi.

Jumamosi hii zamu yangu inaanza saa tatu asubuhi. Pazia la tatu nimelibana kwa pini za hijabu yangu.

Wenu,
Mhudumu wa vyumba vya kujaribia nguo