Pasaka Pwani: Uliza Upepo Kabla ya Mvua

Kila Pasaka inapokaribia, jamaa za Nairobi humwuliza kila mtu aliyewahi kuishi Mombasa swali lile lile: "Je, kutanyesha?" Wakisikia redioni kwamba Pwani inatarajiwa kupata manyunyu na ngurumo hapa na pale, mama huanza kutoa nguo za watoto mkobani. Baba naye, ambaye nauli ilikuwa imekwisha kumkosesha usingizi, huunga mkono upesi.

Msomaji mpendwa, mvua yenyewe isikutishe hivyo. Pasaka haiji kabla ya Machi 22 wala haipiti Aprili 25, kwa hivyo hutuangukia mlangoni mwa masika, na Mei ndio mwezi ambao Mombasa hupata mvua nyingi zaidi. Lakini mvua ya Pwani ina tabia zake. Ile ya Nairobi mara nyingi hukusanya mawingu mchana ikawanyeshea watu wakitoka kazini. Ya Pwani aghalabu hutoka baharini usiku wa manane au alfajiri, ikapiga mabati kwa kishindo, na kufikia saa nne au saa tano jua limewaka na mchanga unaanza kukauka. Tena yaweza kumwagika Nyali, na Diani pakawa pakavu kabisa. Mtabiri anaposema "mvua katika sehemu chache asubuhi", hakusema siku nzima, wala hakusema kila ufuo kuanzia Vanga hadi Lamu.

Swali linalofaa zaidi ni la upepo. Kaskazi huishia karibu na mwezi Machi, na Kusi huanza kuingia Aprili. Katikati kuna kipindi ambacho mabaharia wetu hukiita tangambili, maana upepo bado haujaamua utoke wapi. Bahari iliyokuwa shwari Ijumaa Kuu yaweza kuchafuka Jumamosi. Kusi ukishika, mawimbi hukua, maji hupoteza ule weupe wa kwenye kalenda, na mwani hutupwa ufuoni mafungu kwa mafungu.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa bara hawaambiwi: Pasaka hufuata mwezi mpevu. Ndivyo tarehe yake inavyopangwa, na mwezi mpevu ndio uletao bamvua, yale maji makuu ambayo Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Miaka hailingani. Mnamo 2025 mwezi mpevu ulikuwa Aprili 13 na Pasaka Aprili 20, kwa hivyo sikukuu iliangukia maji mafu. Kwa 2026 mwezi mpevu ni Aprili 2 na Pasaka ni Aprili 5. Hiyo ni bamvua hasa.

Siku za bamvua, maji ya Mombasa hupwa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi. Mvua imeanuka, chai imenyweka, watoto wanaona mwamba uko wazi kule mbali nao wanatembea kuufuata, wakiokota makombe. Maji yanaporudi hayaanzi mbele yao peke yake. Hupitia kwenye milango ya mwamba yakajaza mabonde yaliyo nyuma yao, na aliyevuka kwa kulowa vifundo vya miguu hukuta maji ya kifuani. Jioni, baada ya kujaa kiasi cha saa kumi, maji hayo hayo hutoka kwa kasi kupitia milango ile, na huo mkondo humchukua hata mtu mzima anayejigamba kwamba alijifunza kuogelea shuleni. Mtu akichukuliwa asishindane nao, aogelee kando, sambamba na ufuo, mpaka utakapomwachia.

Kwa hivyo ukifika, kabla ya kufungua mkoba, mwulize mvuvi wa hapo mambo mawili: maji yanajaa saa ngapi, na mlango uko wapi. Hakuna malipo. Ukiwa bado nyumbani, tafuta utabiri wa bahari wa Idara ya Hali ya Hewa, unaotaja kasi ya upepo na kimo cha mawimbi. Wengi huishia kwenye ule wa mvua.

Ipo siku ya kuahirisha safari, nami sitamcheka atakayefanya hivyo. Mapema Mei 2024, tufani iliyopewa jina Hidaya ilikaribia pwani yetu, ingawa tufani ni nadra kufika karibu na ikweta namna hiyo. Ilidhoofika karibu na kisiwa cha Mafia, Tanzania, Mei 4, lakini watu walikuwa wameonywa mapema wakae mbali na bahari. Onyo la namna hiyo halihitaji mjadala mezani. Vivyo hivyo maji yakipita juu ya barabara: dereva wa basi akisema anasubiri yapungue, abiria wasimpigie kelele.

Na mvua ya mchana ikiwakuta mjini, ingieni Fort Jesus. Makumbusho yake yana paa, na wanafunzi wataona vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697.