Lubumbashi: Mashine mpya za bia zisimwache mama wa nganda na vidanje mikononi

Katika mwezi wa Agosti 2024, malori yalikwama Kasumbalesa. Kinshasa ilikuwa imekataza bia na vinywaji vya sukari toka inje, kwa uamuzi wa waziri wa Biashara ya Inje, Julien Paluku. Zambia nayo ikafunga mipaka yake na Haut-Katanga kwa siku chache. Sababu ya Kinshasa ilikuwa kulinda viwanda vya ndani.

Kulinda ni vema. Lakini mpaka uliofungwa haujazi chupa hata moja. Lubumbashi, mji wa Simba na Tembo, inahitaji viwanda vyenye mashine zinazoweza kazi. Bia inaweza kuwa tayari ndani ya matangi, lakini kama mashine za chupa zimesimama, hakuna kinachofika Kenya wala Katuba.

Ni mnyororo mrefu. Chupa tupu inatolewa ndani ya kazie, inaoshwa kwa maji ya moto na soda kostiki, inakaguliwa, inajazwa, inafungwa kifuniko, inapashwa moto karibu nyuzi 60 ili vijidudu vife, ndipo inabandikwa karatasi ya jina. Mahali pamoja pakisimama, yote yanasimama. Kwa hiyo kubadilisha mashine zilizochakaa si anasa.

Hata hivyo, mambo matatu yaangaliwe kabla ya kukata utepe.

Kwanza, umeme. Wakaaji wote wa mji wanajua SNEL inavyokata. Moto ukizimika wakati chupa zimo ndani ya joto, bia inakaa humo kupita kiasi na ladha inaharibika. Mashine ya bei kali bila umeme wa uhakika ni hasara ya bei kali.

Pili, wafanyakazi. Kazi ya kutazama chupa moja moja kwa macho, kamera inaweza kuifanya. Basi wale waliozeesha macho yao pale wafundishwe kuendesha na kutengeneza mashine hizo. Isiwe kila skrubu ikilegea, fundi anangojewa toka Ulaya.

Tatu, na hili husahauliwa: vidanje. Mama mwenye nganda hana akaunti kubwa benki. Mtaji wake ni kazie zilizopangwa nyuma ya nyumba; bila chupa tupu hapewi zilizojaa, mpaka alipe juu yake. Mashine mpya inapenda chupa zenye umbo moja, zisizo na ufa. Kiwanda kikibadilisha umbo la chupa na kukataa zile za zamani, mtaji wa mama huyo unageuka vioo vya kutupa. Haki ni moja: chupa ya zamani kwa chupa mpya, bila nyongeza, na muda wa kutosha uliotangazwa mapema.

Wako watakaosema kiwanda ni mali ya watu binafsi, kinafanya kinavyotaka. Hapana. Serikali ilipozuia bia ya jirani, raia ndiye aliyepunguziwa uchaguzi kwa faida ya viwanda hivyo. Aliyelindwa na wote ana deni kwa wote. Deni hilo lianze kulipwa pale nyuma ya nganda, kwenye kazie za mama.