Mpeni Mtoto Awe Fisi

Huku Kihonda, Morogoro, bibi harusi akija kupima gauni haji peke yake. Yupo wifi, yupo shangazi, na watoto wawili watatu. Wakubwa wakibishana kuhusu mikono ya gauni, watoto wanaokota vipande vya satini chini ya cherehani. Mara mmoja keshajitanda, keshakuwa mama mkwe: sauti, mwendo, mpaka kukohoa! Tunacheka hadi pini zinatudondoka.

Kisha utasikia, "Nyamaza! Mtoto wa kike hapayuki."

Hapo hatukubaliani. Bibi harusi mwenyewe ukimuuliza gauni analitaka liweje, anamtazama wifi. Tunadhani naye alinyamazishwa mapema.

Wapo wasemao kuigiza ni kufundisha uongo. Jamani, Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na wanasesere wake, na kati yao farasi mwenye mbawa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipouliza farasi gani huyu ana mbawa, akamjibu kwa farasi wa Nabii Suleiman. Mtume akacheka.

Wala haihitaji pesa. Usiku, ukishasema "Paukwa" wakakujibu "Pakawa", usisimulie yote wewe. Mpe mtoto awe fisi. Muulize: fisi ana njaa kiasi gani? Anatembeaje? Sauti yake inatoka puani au tumboni? Usimwoneshe, maana atakuiga wewe na fisi hatamtafuta. Kesho awe sungura. Mwenye haya mvalishe soksi kuukuu mkononi, iongee soksi. Utasikia mambo ambayo hajawahi kukwambia.

Ila kuiga kigugumizi cha jirani, hapana. Hiyo ni dhihaka, na Suratul Hujurat imetukataza.

Sisi tuna mchezo mwingine, na huu ndio tunaoutilia mkazo. Mmoja wetu anajifanya mtu anayemwita mtoto chumbani, pipi mkononi. Mtoto ajibu kwa sauti ya simba: "Sitaki! Namwambia mama!" Mara ya kwanza wengi wananong'ona tu, huku wanatabasamu kwa adabu, na hilo ndilo linalotutisha. Tunarudia. Juzi binti wa miaka mitano, mara ya nne, alinguruma hadi fundi pikipiki wa nje akaja kuchungulia. Mama yake alishtuka, mkono ukaenda mdomoni. Lakini hakumwambia anyamaze.