Pikapu Si Sofa

Mwaka jana nilienda Naivasha kutazama Safari Rally. Msee mmoja alikuwa ameegesha dabo kebini yake kando ya matatu tuliyokodi. Gari lilikuwa limeinuliwa, winchi mbele, matairi ya matope, hema juu. Nikamuuliza huwa anabeba nini nyuma. Akacheka. "Mimi si mkulima, buda."

Mimi ni mtoto wa mkulima. Nilinyamaza siku ile, kwa hivyo wacha nijibu leo.

Baba alikuwa na Peugeot 504, pikapu ya kebini moja, ya zile zilizokuwa zikiunganishwa hapa hapa Kenya. Ilinizidi umri. Ndugu zake zilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, ila yetu ilishindana na barabara ya Kinangop, ikipeleka kabeji na viazi Marikiti kabla jua halijachomoza. Kukiwa na harusi ilibeba sufuria na viti. Kukiwa na msiba ilibeba jeneza. Ikiharibika, fundi wa jua kali alikuja na spana na nyundo, na jioni ilikuwa inatembea.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, karo ikakwama. Baba akaiuza. Pesa ile ililipa muhula mmoja. Muhula uliofuata hakukuwa na gari la kupeleka kabeji sokoni, mabroka wakazichukua shambani kwa bei waliyotaka, na karo ikakosekana kabisa. Nikafunga virago. Watu hudhani nilifeli. Sikufeli mtihani wowote.

Mbona Baba hakununua nyingine? Hapo ndipo sisi wapenda magari huwa tunaanza kuongea upuzi.

Mitumba yetu mingi hutoka Japani, na gari likizidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia nchini. Sasa, Toyota iliacha kuuza Hilux huko Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017. Huwezi kupata mtumba wa kitu ambacho wenyewe hawakununua. Ndiyo maana ukizunguka yadi za Mombasa utakuta Vitz na Probox zimepangwa kama mikate, lakini pikapu ni za kuhesabu na bei yake inauma. Mkulima akaamua kuigeuza Probox kuwa pikapu: viti vya nyuma vinalazwa, springi zinaongezwa, magunia yanaingia. Vijana wa Subaru huicheka. Wacheke tu, chai yao ina maziwa yaliyoletwa na hiyo Probox.

Pikapu mpya zipo. Isuzu D-Max inaunganishwa Nairobi, kwenye kiwanda kilichokuwa cha General Motors hadi 2017. Lakini anayeinunua ni nani? Kaunti, kampuni, shirika, mtu ambaye bei si shida yake. Na kwa sababu mnunuzi ni huyo, kila toleo linakuja na skrini kubwa zaidi, kamera zaidi, viti vya ngozi. Kebini ya pili imekaa pale magunia yalipokuwa yakikaa.

Na sisi mashabiki tunapiga makofi, kwa sababu hata maoni yetu ni mitumba. Tunashinda tukitazama video za Wamarekani na madude yao, tukidhani ukubwa ule ni suala la ladha tu. Mwaka 1964 Marekani ilianza kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu za kutoka nje, kulipiza kisasi kwa Ulaya iliyokuwa imewawekea ushuru kuku wao. Ugomvi wa kuku ukaisha, ushuru wa pikapu ukabaki. Pikapu ndogo za bei nafuu zikafungiwa mlango, na kampuni za kwao zikabaki na uwanja wa kuuza makubwa yenye faida nono. Hiyo ndiyo historia tunayoiita ladha.

Usiniambie haiwezekani kufanya vingine. Mwaka 2023 Toyota hiyo hiyo ilizindua Hilux Champ huko Thailand: kebini moja, nyuma bapa, matundu ya bolti tayari ili mwenyewe afunge anachotaka, kizimba cha kuku au jiko la chipsi. Gari la kazi, bila maringo. Sisi tukabaki tukibishana kuhusu rimu.

Kama kweli tunapenda magari, kelele zetu zote zielekee hapo: pikapu ya kebini moja, iunganishwe hapa, bei ya mkulima, na fundi wa mtaani aweze kuifungua bila kompyuta. Serikali inayojisifia viwanda iulizwe kodi yake inamsaidia nani.

Na wewe msee wa Naivasha, ukisoma haya: Baba huvuna kabeji Jumatano, na broka hufika saa moja asubuhi. Nyuma ya gari lako kuko tupu. Karibu Kinangop.