Ngoma ya Berlin na Ngoma Yetu

Tangu turudi kutoka Ujerumani, tulikokwenda kuwaamkia Wakristo wenzetu wa Berlin, neno limeenea kijijini kwamba walimu walionekana usiku katika nyumba ya dansi. Neno hilo ni kweli. Tuliingia, tukacheza, tukatoka kabla ya mapambazuko. Wako wasemao kwamba tumelitia kanisa aibu, kwa kuwa kila ngoma ya usiku ni ya Shetani. Hao ndio tunaotaka kuwajibu.

Muziki tuliouchezea huitwa tekno. Hauna mwimbaji, ni mashine na santuri tu, na mshindo wake ni kama mchi utwangao bila kupumzika. Ulianza miaka ya 1980 katika mji wa Detroit, Marekani, na waanzilishi wake ni vijana weusi, kama Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Ukuta uliougawanya mji wa Berlin tangu mwaka 1961 ulipofunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, upande wa mashariki yalikuwako majengo mengi matupu. Vijana wakayaingia, wakacheza. Mwaka 1991 ilifunguliwa nyumba iitwayo Tresor, maana yake chumba cha hazina, chini ya ardhi palipokuwa na duka kubwa la zamani. Humo watoto wa mashariki na wa magharibi walicheza pamoja, waliokuwa wametenganishwa na ukuta miaka 28. Na mwezi wa Machi 2024 tekno ya Berlin iliandikwa katika orodha ya urithi wa utamaduni wa Ujerumani.

Sasa na tufikiri. Wamisionari wa Berlin walifika huku kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891. Wamisionari wengi wa siku zile walikataza ngoma za wenyeji. Sisi walimu tuliipokea amri hiyo, tukaishika kuliko wale waliotuletea. Leo mji ule ule waitunza ngoma yake, tena ngoma iliyobuniwa na watu weusi, nasi twaendelea kuzizima zetu!

Hatusemi kwamba kila ngoma ni njema. Penye ulevi, dawa za kulevya na uasherati, Mkristo na aondoke, ikiwa ni Berlin au ni kwetu. Waisraeli walicheza mbele ya ndama ya dhahabu, wakaadhibiwa. Daudi naye alicheza mbele ya Sanduku la Bwana, na aliyelaumiwa ni Mikali aliyemdharau. Kucheza ni kule kule. Mioyo ndiyo iliyotofautiana. Basi ngoma na ipimwe kwa matunda yake, isipimwe kwa saa ichezwayo wala kwa nchi itokako.

Lakini liko jambo lituchomalo zaidi. Mwaka jana sisi wenyewe tulikaa barazani pamoja na wazee, tukamzuia kijana mmoja asiikaribie Meza ya Bwana, kwa sababu alipiga ngoma ya babu yake arusini. Hapakuwa na pombe pale, wala ugomvi, wala jambo la haya. Alituuliza kosa lake ni nini, nasi tukamjibu, "Ni desturi ya kanisa." Kisha tukapanda ndege, tukacheza usiku kucha kati ya watu wasiotujua. Kule hatukuona haya, maana hapakuwa na wa kutushtaki. Aibu yetu si kucheza Berlin. Aibu yetu ni kumfunga mwenzetu mzigo ambao sisi tuliutua mara tulipovuka mpaka.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tumerudi, nasi twawaomba wazee walitazame upya shauri la kijana yule kabla ya Pasaka. Ikiwa yeye hastahili Meza ile, basi na sisi tusiikaribie. Na ikiwa sisi twastahili, ni nani atakayemzuia yeye?