Ulaya: Imara kwenye Nyaya, Dhaifu kwenye Kura

Asubuhi ya Jumamosi, Februari 8, 2025, Estonia, Latvia na Lithuania zilizima njia za umeme zilizokuwa zikiziunganisha na Urusi na Belarus. Tangu enzi za Sovieti, na kwa zaidi ya miaka 30 baada ya kupata tena uhuru wao, mapigo ya umeme wao yalikuwa yakidhibitiwa kutoka Moscow. Siku hiyo gridi zao zilijiendesha zenyewe. Kesho yake alasiri zikaunganishwa na gridi ya bara la Ulaya kupitia Poland. Hospitali na viwanda viliendelea na kazi, na wananchi wengi hawakuhisi tofauti yoyote.

Utulivu huo uliandaliwa kwa miaka mingi. Mawaziri wakuu wa nchi hizo tatu walitangaza nia ya kuondoka kwenye gridi ya Urusi mwaka 2007. Ikafuata kazi ya kujenga njia mpya, kuimarisha zile za zamani na kufunga mitambo mikubwa ya kuzuia gridi isiyumbe. Umoja wa Ulaya ulitoa zaidi ya euro bilioni 1.2, karibu robo tatu ya gharama yote, kutoka kwenye bajeti inayochangiwa hata na Wareno na Waayalandi, ambao hawana mpaka na Urusi. Desemba 25, 2024, kebo ya Estlink 2 inayopita chini ya bahari kati ya Finland na Estonia iliharibiwa, na maofisa wa Finland wakaikamata meli ya mafuta iliyoshukiwa kuiburuzia nanga. Ratiba ya Februari haikusogezwa hata siku moja.

Hapa ndipo uimara wa Ulaya unapoonekana: katika vitu vilivyojengwa na kulipiwa kwa pamoja kabla ya dhoruba kufika. Udhaifu wake uko kwenye meza ya maamuzi, ambako serikali moja kati ya 27 inaweza kuzifunga mikono nyingine zote.

Habari ya gesi inauonyesha uimara na udhaifu huo kwa pamoja. Mwaka 2021, karibu asilimia 45 ya gesi iliyoagizwa na Umoja wa Ulaya ilitoka Urusi. Kufikia 2024 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 19 hivi. Maumivu yalikuwa makali. Agosti 2022 bei katika soko la Uholanzi ilipanda kupita euro 300 kwa kila megawati-saa, na viwanda vya mbolea vikalazimika kupunguza uzalishaji. Wakati bei zikipanda, mawaziri wa nishati walikuwa wameshakubaliana Julai kupunguza matumizi ya gesi kwa asilimia 15. Hungary ilipinga. Lakini uamuzi huo ulihitaji kura za wingi maalumu tu, yaani asilimia 55 ya nchi wanachama zenye asilimia 65 ya wakazi, kwa hiyo ukapita. Majira ya baridi yalipomalizika, matumizi yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 18.

Sera ya mambo ya nje inaendeshwa kwa kanuni nyingine. Vikwazo, bajeti ya muda mrefu na kupokea wanachama wapya vyote vinahitaji kauli moja. Desemba 14, 2023, viongozi walikutana Brussels kuamua kama wafungue mazungumzo ya uanachama na Ukraine. Waziri Mkuu Viktor Orbán wa Hungary alikuwa amekataa kwa miezi kadhaa. Mwishowe, kwa ushauri wa Kansela Olaf Scholz wa Ujerumani, alitoka chumbani, na wenzake 26 wakapitisha uamuzi bila yeye. Usiku huohuo akatia mchanga kitumbua kwa kuzuia msaada wa euro bilioni 50 kwa Ukraine, hadi alipokubali Februari 1, 2024. Desemba 2025, viongozi walipotaka kuikopesha Ukraine euro bilioni 90, ilibidi Hungary, Slovakia na Jamhuri ya Czech ziondolewe kwenye mzigo huo ndipo mkopo ukubaliwe.

Njia za mkato kama hizi zimeuokoa umoja mara kadhaa. Hata hivyo, taasisi inayolinda usalama wa watu takriban milioni 450 haipaswi kutegemea mtu mmoja kukubali kutoka chumbani.

Poland inaifahamu hatari hii kutokana na historia yake. Kuanzia mwaka 1652, mjumbe mmoja wa bunge lake aliweza kuvunja kikao kizima kwa kupinga peke yake. Falme jirani, Urusi ikiwemo, ziligundua kwamba kumhonga mjumbe mmoja ni rahisi kuliko kuvamia nchi. Katiba ya Mei 3, 1791 iliifuta haki hiyo, lakini muda ulikuwa umekwisha. Kufikia 1795, Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeigawana nchi yote. Yapo mengine yaliyoiangusha Poland, lakini mlango huo uliachwa wazi kwa zaidi ya karne moja.

Wanaoitetea kura ya turufu ndani ya Umoja wa Ulaya wana hoja nzito. Malta au Luxembourg, bila kura hiyo, zitajikuta zikiburuzwa na Ujerumani na Ufaransa. Tena vikwazo dhidi ya Urusi, vinavyohuishwa kila baada ya miezi sita, vimedumu kwa sababu kila serikali ilitia saini yake. Uamuzi wa lazima huzaa utekelezaji wa shingo upande.

Kwa sababu hiyo, kura ya turufu ibaki kwenye mambo ya kufa na kupona: kupeleka wanajeshi vitani, kodi, na idhini ya mwisho ya kumpokea mwanachama mpya. Lakini iondolewe kwenye kuhuisha vikwazo na kwenye hatua ndogondogo za mazungumzo ya uanachama, ambako imegeuzwa kuwa chombo cha kudai fedha. Mkataba wa Umoja wa Ulaya unaruhusu mabadiliko hayo bila kuandikwa upya, ingawa kuyapitisha nako kunahitaji kauli moja.

Nafasi ya kuyadai ipo. Bajeti ya 2028 hadi 2034, ambayo Kamisheni ya Ulaya ilipendekeza Julai 2025 ifikie karibu euro trilioni 2, inahitaji ridhaa ya kila serikali. Nchi kubwa zinaweza kuahidi fedha zaidi kwa gridi, bandari na ulinzi wa mipaka ya mashariki, na kuzihakikishia nchi ndogo haki ya kupeleka kwenye kikao cha viongozi jambo lolote linalogusa maslahi yao ya msingi. Nchi ndogo nazo zikubali kuachia turufu kwenye vikwazo. Estonia, Latvia na Lithuania, ambazo usalama wao unategemea kasi ya maamuzi hayo kuliko wanachama wengi, zinafaa kuwa za kwanza kuiweka hoja hiyo mezani.